Ketevan Mahali pa Igoki

Mwalimu yeyote aliyewahi kuita majina katika darasa la Keti alianza vizuri. Agnes Gatavi, yupo. Agnes Ruguru, yupo. Halafu anafika kwa Agnes wa tatu, ananyamaza, anasogeza rejista karibu na dirisha, anakohoa. Darasa zima lilikijua kikohozi kile na lilikingoja kama kengele ya kwenda nyumbani.

"Ketevan, mwalimu," Keti alimsaidia kutoka nyuma. "Limeze tu, si chungu."

"Jina la wapi hili?"

"La Jojia."

"Kule Marekani?"

"Hapana, ile iliyo kwa Warusi. Lakini ukiwaita Warusi wanakasirika. Ni kama kumwita Mmbeere Mwembu."

Hapo darasa lilianguka kwa kicheko, maana nusu yao walikuwa Waembu na nusu Wambeere, na kila nusu ilidhani ndiyo iliyosifiwa.

Alipofika miaka ishirini na minne, mwaka wa 1998, Keti alikuwa karani katika duka la kupiga chapa mjini Embu, na jina lake lilikuwa limeota hotuba nzima. Ukileta barua yako ya kuomba kazi, ukaona kibao cha mezani kimeandikwa Ketevan Njiru, ukathubutu kuuliza, basi umekwisha, vuta kiti. Atakusimulia vidole vikiendelea kugonga mashine. Atakwambia kulikuwa na Malkia Ketevan wa Kakheti, mjane, ambaye Shah wa Uajemi alimweka kizuizini Shiraz karibu miaka kumi. Akaambiwa abadili dini, akakataa, akateswa kwa makoleo ya moto mpaka akafa, mwaka wa 1624. Kanisa la kwao linamhesabu mtakatifu. Wamishenari Wareno wakaichukua mifupa yake, mingine ikavuka bahari mpaka Goa.

"Amekufa na bado ametembea nchi nyingi kuliko mimi niliye hai," Keti alipenda kusema. "Mimi sijafika hata Mombasa."

Halafu atakwambia habari za Ketevan mpiga mishale, Losaberidze, aliyeshinda medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980. Kenya ilisusia michezo ile. Keti alikuwa na miaka sita, na baba yake alikata picha kutoka gazeti fulani la Kirusi akaibandika ukutani, akamwambia, unaona, nchi yako haikwenda lakini jina lako limekwenda.

Na kama barua yako ni ndefu, atakufikisha kwa Ketevan wa tatu, mwanamke maskini wa mji wa Gori aliyefua na kushona nguo za watu ili mwanawe asome awe padri. Kijana hakumaliza seminari. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Stalini. Hapo vidole vya Keti vilikuwa vinatulia kidogo juu ya mashine, maana hapo hakuwahi kupata mzaha wa kutia. Mama mmoja anafua mashati mpaka mikono inachubuka, anaomba Mungu, na kinachotoka ni kile kilichotoka. Jina ni lilelile la yule malkia wa makoleo.

"Na maana yake?" mteja angeuliza.

"Wenye kujua wanaliunganisha na jina la Kiajemi, Katayun. Yaani malkia aliuawa na Waajemi akiwa amebeba jina lililotoka Uajemi. Barua yako iko tayari, soma kabla hujaondoka."

Hotuba ilikuwa nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu: kwa nini yeye. Wateja hawakuuliza, na yeye mwenyewe, kusema kweli, alikuwa ameshaacha kujiuliza.

Maana Embu na Mbeere majina hayaokotwi. Jina la ubatizo chagua upendalo, Agnes, Purity, hata la mchezaji wa mpira, padri atanyunyiza maji. Lakini lile la pili lina mwenyewe. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba, wa pili ni wa nyanya mzaa mama. Ni foleni, na kila mtu anajua anasimama nyuma ya nani. Nyumbani kwa Njiru, baba yake Keti, foleni ilikuwa imekwenda sawasawa: Nyaga, Kivuti, halafu Gicuku, dada mkubwa. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Igoki wa Gachoka, mamake mama. Mwaka wa 1974 msichana wa pili akazaliwa, na Njiru, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Tbilisi, kule Jojia, miaka minne tu nyuma, akaandikisha Ketevan. Baada ya hapo mke wake, Njura, hakuzaa tena.

Igoki alikuwa amezaa watano. Wanne walikufa wadogo, akabakiziwa Njura peke yake. Hakuwa na mwana wa kiume wa kumzalia Igoki mwingine, wala binti wa pili. Zamu ile moja ndiyo iliyokuwa zamu yake duniani.

Hakugombana. Alikuja kumwona mtoto, akamshika, akauliza jina, akaambiwa, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda zake. Tangu siku ile Keti alipokwenda Gachoka alipewa uji, alipewa asali, alipewa mahali pa kulala. Jina hakuwahi kupewa. Nyanya yake alimwita "wewe". "Wewe, lete kuni." "Wewe, umekonda." Keti alikua akidhani ni tabia ya wazee wa kule kwenye joto.

Sasa alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Maua, Meru, aitwaye Mwongera, aliyekuja dukani kupiga chapa barua ya kuomba uhamisho, akasikia habari za malkia, akarudi kesho yake na barua nyingine, na kesho kutwa na nyingine. "Kama unataka uhamisho hivyo," Keti alimwambia siku ya nne, "si uhamie tu hapa dukani?" Mambo yakaenda hivyo. Na Jumamosi ya pili ya Agosti watu wa Mwongera walikuwa wanateremka kutoka milima ya Nyambene kuleta mahari.

Katika vitu walivyokubaliana kuleta kulikuwa na blanketi la nyanya mwenye jina la bibi harusi. Ni kitu kidogo, lakini hufanywa mbele ya watu wote: nyanya anaitwa, anasimama, anafunikwa mabegani, wanawake wanapiga vigelegele, na hapo ndipo bibi harusi anajulikana ametoka kwa nani. Baba mdogo Ndambiri alitumwa Gachoka kumwalika Igoki, ambaye zamu ilikuwa yake. Akarudi jioni ileile na jibu fupi: "Blanketi lipelekwe kwa mwenye jina."

Njura alilisikia jibu lile akiwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mama yangu asipokuja," akasema, "mimi siku hiyo sitoki jikoni. Watapokelewa na nani, mtajua wenyewe."

"Mama, si uende wewe umwombe?"

"Nimwombe nini? Nilikuwepo, Keti. Nilinyamaza. Nimwombe asahau kwamba nilinyamaza?"

Basi Jumatano Keti akaomba ruhusa kazini, akapata nafasi ya mbele kwenye pikapu iliyokuwa ikirudi tupu kuchukua muguka, yale majani ya kutafuna, akateremka Gachoka jua likiwa limeshakaa vichwani mwa watu.

Alimkuta nyanya yake uani, amekunja miguu juu ya gunia, anachagua ndengu kwenye ungo. Mawe huku, ndengu huku.

"Cucu, habari ya hapa?"

"Iko. Wewe, umekuja mikono mitupu, kwa hivyo umekuja na maneno. Kaa."

Keti akakaa. Njiani alikuwa amepanga maneno yake vizuri kama mizigo, na sasa akaanza kushusha. Alisema Mama analia. Alisema watu wa Meru wanatoka mbali, na Wameru wakiona pengo hawaulizi, wanakwenda kulisimulia Maua mpaka mwaka uishe. Alisema jina si kosa lake, yeye alilikuta.

"Nimesema ni kosa lako?"

"Hapana, Cucu."

"Basi endelea. Hayo umeshayamaliza."

Keti akatoa silaha yake kubwa. "Mimi nikizaa msichana, nitamwita Igoki. Naapa."

Mkono wa kikongwe ukasimama juu ya ungo.

"Mamake Mwongera yuko hai?"

"Yuko."

"Anaitwa nani?"

"Karambu."

"Na msichana wako wa kwanza ni wa nani?"

Keti akatazama ungo.

"Utamwambia nini huyo Karambu? Kwamba nyanya yako wa Gachoka alikuwa na njaa ya jina, ukamchotea kutoka sufuria yake? Wa pili ni wa Njura. Utamnyang'anya na mama yako?" Akarudi kwenye ndengu zake. "Mimi najua inavyouma. Siwezi kumtuma mtu akaifanye kwa mwingine."

Hapo Keti akaishiwa. Na alipoishiwa, akafanya alichozoea kufanya watu wakimkazia macho: akatoa hotuba. Akamsimulia malkia na Shah na makoleo ya moto. Igoki akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mama maskini." Akamsimulia mama wa Gori na mashati ya watu. Igoki akasema, "Watoto hawana bima." Akamsimulia mpiga mishale.

"Mwanamke?" Igoki akauliza.

"Mwanamke."

"Na upinde?"

"Na upinde. Akawashinda wote."

Igoki akacheka, kicheko kifupi kama mtu aliyepaliwa. "Kivuti, babu yako, mimi hakuniruhusu hata kuuruka upinde wake ukiwa chini. Angesikia hiyo angekufa mara ya pili." Akapangusa macho kwa pindo la leso. Keti akadhani mlango umefunguka.

Lakini kikongwe akauliza, polepole, bila ukali: "Sasa huyu aliyekaa mahali pangu ni yupi kati ya hao?"

"Aje, Cucu?"

"Baba yako alimjua malkia?"

"Alikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita."

"Alimjua huyo wa upinde?"

"Jina lilishatolewa... yaani, nilishazaliwa kabla hajashinda."

"Na mama wa huyo mtu mbaya?"

"Hapana."

"Basi hao ni watu wa vitabu. Mtoto hapewi jina la kitabu. Kuna mtu. Baba yako alikuwa na mtu akilini siku ile, na huyo mtu ndiye yuko kwenye kiti changu tangu wewe unanyonya. Miaka ishirini na minne. Ni nani?"

Keti aliyajua majina ya miji, miaka, idadi ya mishale. Alijua Katayun.

"Hujui," Igoki akasema. "Nenda umuulize. Usirudi na malkia."

Njiru alikuwa afisa wa kilimo aliyestaafu, mtu mrefu, msafi, asiyependa kuulizwa maswali ila na wakulima. Alikuwa nyuma ya nyumba akipogoa kahawa. Keti hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Baba, Ketevan ni nani?"

"Malkia wa Kakheti, ambaye mwaka wa—"

"Baba. Mimi huyo namuuza dukani kila siku. Ketevan *wako* ni nani?"

Mkasi ukabaki wazi hewani. Njiru akamtazama binti yake, kisha akatazama upande wa jikoni aliko mke wake, kisha akakaa chini kwenye majani makavu kama mtu aliyeambiwa akae. Na kwa kuwa hakuwa amewahi kuisimulia, aliisimulia vibaya, akianzia katikati.

Kulikuwa na mwanamke aliyeshika funguo za bweni kule Tbilisi. Wanafunzi walimpita kila siku bila kumwona, kama wanavyopita ukuta. Majira ya baridi ya kwanza, mwaka wa 1965, Njiru alishikwa na homa ya mapafu. Hospitalini walimlaza, wakamrudisha bwenini mapema, na usiku mmoja wa homa alianza kuita watu wa Embu. Mwenye funguo akamsikia. Tangu siku hiyo alimletea supu ya kuku yenye njugu za huko, akamkanda miguu, akagombana na daktari kwa lugha ambayo Njiru alikuwa hajaijua bado lakini aliielewa neno kwa neno. Alikuwa mjane. Mwanawe mmoja alikwenda vita vya Hitla, ikaja barua tu, kaburi halikujulikana. Ndiye aliyemfundisha habari za jina lile, ambalo lilikuwa lake mwenyewe. Malkia alimtaja akiwa amenyoosha mgongo. Mama wa Gori alimtaja kwa sauti ya chini, akitazama mlango, maana nchini mwake mwana wa mwanamke yule kuna waliomsifu na kuna waliotema mate.

"Mimi nikamwambia habari za kwetu," Njiru akasema. "Kwamba mtu wetu akiwa na mtoto wa jina lake, hajaisha. Alicheka. Miaka mitano baadaye, naondoka, alinisindikiza mpaka stesheni. Akaniambia, mimi sina wa kunibeba. Nibebe wewe. Nikaahidi."

"Gicuku alipozaliwa?"

"Gicuku alizaliwa mama yangu ameketi mlangoni anasubiri. Ungempita mama yangu?"

"Kwa hivyo ukangoja zamu ya mama wa mwingine."

Njiru akaufunga mkasi.

"Baba, ahadi ilikuwa yako. Umeitimiza kwa kitu cha Cucu."

"Nilidhani atakuja wa tatu!" Ilimtoka kama kilio. "Nilisema, huyu apate huyu, na anayefuata awe Igoki, nani angejua? Nani angejua kwamba mlango umefungwa?"

"Na hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Mkwe haongei na mama wa mke wake hivyo. Simtazami usoni. Siingii jikoni mwake. Ningesimama wapi niseme jambo kama hilo?"

Ilikuwa kweli, na Keti aliona pia kwamba ilikuwa kweli iliyomfaa sana. Heshima ilikuwa imempa baba yake ukuta mzuri, naye akajificha nyuma yake miaka ishirini na minne, akituma sukari.

"Ijumaa utasimama," Keti akasema. "Mimi nitakuwa katikati."

Ijumaa asubuhi wakafika Gachoka. Njiru hakuvuka ua. Alipewa kigoda, akakaa ameligeuzia jiko mgongo, kofia juu ya magoti, macho kwa mbuzi. Igoki alikuwa ndani, karibu na mlango, na ungo wake. Keti akakaa kizingitini.

"Mwambie mama nimekuja," Njiru akawaambia mbuzi.

"Cucu, Baba anasema amekuja."

"Nina masikio. Mwambie mume wa Njura nimemwona tangu kule barabarani, anatembea kama mtu aliyeitwa na chifu."

"Baba, Cucu anasema—"

"Nimesikia."

"Sasa kama mnasikiana, mimi niko hapa kufanya nini?"

"Wewe ni ukuta," Igoki akasema. "Ukuta haujibu."

Njiru akaigeuza kofia. "Mwambie mama, nilimpa mtu kitu ambacho hakikuwa changu."

Keti akageuka kuyapeleka maneno, akaona hayahitaji kupelekwa. Ndengu zilikuwa zimenyamaza kwenye ungo. Njiru akaendelea, na safari hii aliisimulia vizuri, tangu homa mpaka stesheni. Alipofika mahali pa kungoja zamu ya pili hakupunguza sauti, wala hakutafuta neno la kujifunika. Alisema, "Nilimwogopa mama yangu, sikumwogopa huyu, kwa sababu huyu yuko mbali na hana kelele."

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Muulize," Igoki akasema mwishowe, "huyo mwanamke, mwanawe hakuonekana kabisa?"

"Hakuonekana," Njiru akajibu moja kwa moja.

"Hata nguo?"

"Hata nguo. Barua tu."

"Mimi wangu wanne najua walipo," Igoki akasema. "Wawili wako pale nyuma ya mtama. Nikipita nawasalimu." Akasugua kiganja juu ya goti. "Muulize. Mtoto alipozaliwa, huyo mwanamke alijua? Alijua amepata mtu?"

Njiru akainama. "Niliandika. Nilituma na picha. Haikurudi barua. Nikaandika tena mwaka uliofuata. Sikupata jibu. Nikaacha."

"Kwa hivyo hujui kama alijua."

"Sijui."

"Njiru."

Keti aliruka. Mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina. Hata Njiru mgongo wake ulinyooka kana kwamba amemwagiwa maji. Igoki alikuwa amekwisha kusimama, mkono kwenye mwimo wa mlango, anautazama ule mgongo.

"Mimi ulininyang'anya, na nikajua. Yeye ulimpa, na labda hakujua. Sasa katika sisi wawili, nani aliyepata?"

Kofia ilikuwa imeanguka chini. Njiru hakuiokota. Mabega yake yalikuwa yanafanya kitu ambacho Keti hakuwahi kuyaona yakifanya.

"Hakuna," Njiru akasema. "Hakuna aliyepata, mama."

Keti alimtazama nyanya yake usoni akitafuta hasira au msamaha, na hakuona kimojawapo. Aliona mtu anayepiga hesabu ya njia, kama anavyofanya mtu kabla ya kubeba kitu kizito: nitakishikia wapi, nitakiteremsha wapi.

"Wewe," akamwambia Keti. "Si unafanya kazi ya karatasi? Una karatasi?"

Keti akatoa daftari na kalamu mkobani.

"Mpe baba yako. Anaandika lugha ya kule?"

"Kirusi," Njiru akasema, akijipangusa kwa mkono wa koti. "Chao chenyewe kimenitoka. Lakini Kirusi alikisoma."

"Andika."

"Mama, sijui kama nyumba ile bado iko. Kumekuwa na vita huko. Na angekuwa na miaka tisini hivi. Huenda—"

"Nimekwambia umuulize kama yuko hai? Andika. Anza na salamu, usimwingilie mtu kama polisi. Mwambie ni mimi, Igoki wa Gachoka, mama wa mke wako. Mwambie nilikuwa na neno naye miaka mingi, kumbe hakuwa na habari, kwa hivyo lile neno nimeliweka chini."

Njiru akaandika, daftari juu ya goti, akisimama kila baada ya maneno mawili. Keti alizitazama zile herufi ngeni zikitoka mkononi mwa baba yake, moja moja, kama kuku wanaotolewa bandani kwa kusukumwa.

"Mwambie mtoto ni mrefu, anaongea sana, ana kazi. Mwambie hajawahi kulazwa hospitali. Hilo atalipenda, kama aliwahi kuuguza. Mwambie kesho anatolewa mahari na watu wa Maua. Ni watu wa mlimani, wana hasira ya haraka lakini wanaheshimu wazee. Mwambie kuna blanketi lake."

"Blanketi lake," Njiru akarudia.

"Mwambie mimi nitakwenda. Nitasimama mahali pake, kwa kuwa yeye alisimama pangu bila kujua, na hakuna mtu mwingine wa kumsimamia. Blanketi nitalipokea, nitalitumia, baridi ya huko Embu naijua. Lakini wageni nitawaambia ni la nani. Watasikia jina lake lote, kama nitaweza kulitamka. Wewe," akamgeukia Keti, "nifundishe kabla ya jioni. Taratibu."

"Ndiyo, Cucu."

"Na umwambie Njura asisonge ugali wa mtama kwa ajili yangu. Nitakula mnachokula."

Njiru alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilizunguka hewani ikitafuta pa kutua.

"Nini tena?" Igoki akauliza.

"Neno, mama. Blanketi. Kwa Kirusi. Nilikuwa nalijua. Limenitoka."

Igoki akatoka jikoni kabisa, akaja akasimama nyuma ya mkwe wake, akainama juu ya bega lake kuitazama karatasi asiyoweza kuisoma.

"Basi mchoree," akasema. "Weka na mistari ya pembeni, ajue ni zuri."